Bonde lililozama: shajara ya kuvua kwa fimbo Nyumba ya Mungu

Julai: lengo

Nataka kupima kina cha kipande kimoja cha Bwawa la Nyumba ya Mungu na kukichorea ramani, kuanzia mwalo ninaoutumia upande wa wilaya ya Mwanga hadi pale mtumbwi wa kasia unapoweza kufika na kurudi kabla ya upepo wa mchana. Kisha nivue humo kwa fimbo na rili nikiifuata ramani hiyo. Perege na kambale, bila wavu. Boti sina. Nakodi mtumbwi wa mbao wa mzee mmoja wa pale mwaloni, pamoja na mjukuu wake anayepiga kasia. Malipo ni ya asubuhi nzima, tupate tusipate.

Utaratibu nimeuchukua kwa wavuvi wa bass. Huyu ni samaki wa Marekani anayewinda kwa kuvizia: anajibanza ubavuni mwa kisiki au kwenye ukingo wa shimo, kinachopita anakimeza. Wamarekani wamezuia mito mingi sana, na wavuvi wao wamelazimika kujifunza mabwawa kama mkulima anavyojifunza shamba lake. Ray Scott alipoandaa mashindano yake ya kwanza mwaka 1967 aliyapeleka Beaver Lake, Arkansas, nalo ni bwawa la mto uliozuiwa. Japani walimpeleka bass Ziwa Ashi mwaka 1925, akasambaa, na leo kuna mabwawa kule ambako mtu asiye na chombo anakodi kiboti alfajiri na kukirudisha jioni. Rekodi ya dunia inashikiliwa na wawili: George Perry wa Georgia, 1932, na Manabu Kurita wa Ziwa Biwa, 2009. Kila mmoja alivua bass aliyezidi kilo 10 kidogo tu.

Mwaloni kwetu jina la bass halina maana kwa mtu. Kilichonivutia ni namna wanavyolitazama bwawa. Kwao bwawa ni bonde lililozama: chini yake bado kuna mto, kuna kingo, kuna njia za ng'ombe na mashina ya miti, na samaki anaishi kwa kufuata hivyo vyote. Nyumba ya Mungu ni bonde la namna hiyo hasa. Mito miwili inakutana hapa, Kikuletwa na Ruvu, na inayotoka chini ya ukuta ndiyo Pangani. Ruvu inatoka Ziwa Jipe. Kikuletwa inakusanya maji kuanzia Meru: Themi inayokatiza katikati ya mji wa Arusha inaingia humo, na Karanga na Weruweru za kwetu Moshi zinaingia humo. Ukuta ulijengwa miaka ya 1960, mitambo ya umeme ya megawati 8 ipo tangu 1968, na tangu hapo mito hiyo miwili imelala chini ya maji na hakuna aliyeniambia kwa uhakika inapita wapi.

Kibali kwanza. Leseni nimeipata ofisi ya uvuvi ya halmashauri, na kabla ya kila safari napiga simu kuuliza kama bwawa liko wazi, kwa sababu limewahi kufungwa kwa vipindi ili samaki wazaliane. Hili silifanyii mzaha. Ukifika na fimbo yako ya kujifurahisha wakati wavuvi wenyewe wametundika nyavu kwa agizo, umewadharau.

Julai: kamba

Kipimo cha umeme kinachoonyesha kina kwenye kioo ni ghali, na mtumbwi wa kukodi hauna pa kukifunga. Nimetengeneza kamba. Ni kamba ya katani, ina fundo kila mita na kitambaa chekundu kila mita tano, na mwishoni chubwi ya risasi yenye uzito wa kutosha kushuka wima. Kamba nililoweka usiku kucha kabla ya kupiga mafundo, maana katani ikilowa inajikunja na mita yako inakuwa si mita tena.

Chubwi nimeichimba kitako kidogo kama kijiko, na humo ninasindika sabuni ya mche iliyolainishwa. Ikigusa chini, sabuni inabeba alama ya palipogusa. Ikirudi na tope jeusi linalonuka, hapo ni majani yaliyooza, maji yametulia. Ikirudi na mchanga mwekundu uliobandika sawasawa, hapo zamani palikuwa nchi kavu na mteremko. Ikirudi na mchanga mweupe wa chembe kubwa pamoja na kokoto ndogo za mviringo, moyo unadunda, kwa sababu kokoto za mviringo zinatengenezwa na maji yanayokwenda. Hapo ni mtoni.

Mahali ninapashika kwa namna mbili. Simu inanipa namba, naziandika daftarini. Halafu nafanya kama wavuvi wenyewe wanavyofanya, kwa kupanga vitu viwili vya nchi kavu mstari mmoja: mnara wa simu ukae chini ya bega la kilima cha Ugweno, na upande wa pili mti fulani ukae chini ya Mawenzi. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo nilipo. Simu ikiisha chaji milima haiishi, ila Kilimanjaro inajifunika mawingu mapema, kwa hiyo alama za kaskazini tunazitumia kwanza na za Upare baadaye.

Julai, mwishoni: mkondo

Tumeupata.

Tulikuwa tunapima kwa mstari kutoka ufukweni kwenda katikati, fundo baada ya fundo. Mita tatu, mita tatu na nusu, nne, nne, nne. Tope, tope, mchanga mwekundu. Kijana akapiga kasia mara chache tu, nikashusha tena, kamba ikaenda, kitambaa chekundu kikapita mkononi, ikaendelea. Mita saba. Sabuni ikarudi na kokoto tatu, moja nyekundu na mbili za kijivu, laini kabisa. Tukavuka mbele kidogo, ikarudi mita nne.

Mzee alikuwa ufukweni tuliporudi. "Shikamoo mzee, tumeuona mto." Akaitikia marahaba, akataka kuona kokoto. Alizigeuza kiganjani, akasema baba yake alikuwa akisimulia kwamba ng'ombe walinyweshwa upande huo kabla maji hayajapanda, na kwamba kila mwenye wavu anajua kuna mahali wavu unashuka kuliko kawaida, ila hawakujua ni kirefu namna gani. Akaniambia nifuate kuelekea kusini, mkondo unapinda.

Kweli unapinda. Na kwenye kona, upande wa nje, ukingo umesimama karibu wima, kama kingo zote za nje za kona za mto. Wavuvi wa bass wangelipia pesa kuonyeshwa kona hiyo. Upande mmoja maji ya mita nne yenye visiki, upande mwingine mita saba, na samaki anapanda na kushuka bila kusafiri mbali.

Agosti: mnyoo wa mpira

Baridi. Asubuhi maji yanafuka mvuke, perege wamejitenga na kingo.

Mbinu niliyoijaribu ni ile Wamarekani wanayoiita ya Texas. Kwenye uzi unapitisha chubwi ndogo yenye tundu na ncha iliyochongoka, ikiteleza huru. Chini yake unafunga ndoano yenye kona shingoni. Mnyoo wa mpira unatobolewa kichwani, unavutwa hadi kwenye kona, unageuzwa, kisha ncha ya ndoano inarudishwa ndani ya mwili wake ijifiche. Hivyo chambo kinapita katikati ya matawi bila kunasa. Samaki akibana, unakaza uzi na kuvuta kwa nguvu ili ncha itokeze. Ilizaliwa kwenye mabwawa yenye miti iliyozama, na Nyumba ya Mungu kuna migunga mingi iliyozama.

Kwa kupita kwenye visiki, ni hodari. Nilikuwa nategemea kupoteza ndoano nyingi na sikupoteza. Lakini kambale hakuvutiwa na mpira. Nimelifikiria hili kwa muda na naona jibu lipo kwenye mwili wa samaki. Bass anawinda kwa macho na kwa kuhisi mtikisiko wa maji. Kambale ana sharubu nane na macho madogo, na maji yetu yana rangi ya chai ya maziwa. Anatafuta kwa kunusa na kupapasa. Mabishano yote ya wenzetu kuhusu rangi ya mnyoo, zambarau au kijani, hayamhusu.

Nikaondoa mpira, nikaacha mfungo uleule, na badala ya mnyoo nikaweka ukanda mrefu wa ngozi ya kuku pamoja na kipande cha utumbo, ncha ya ndoano ikiwa imefichwa ndani ya ngozi. Nilitupa kwenye ukingo wa kona, nikaacha chubwi iguse chini, nikavuta taratibu, nikaacha, nikavuta. Kambale harukii chambo kama anavyofanya bass kwenye picha za video. Uzi unakuwa mzito tu, halafu unaanza kutembea. Ukivuta mapema unamtoa kinywani. Sasa ninahesabu pumzi mbili ndefu, kisha nakaza.

Wa kwanza alikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka kwapani hadi vidoleni. Kumshika kunahitaji adabu: kila pezi la kifuani lina mwiba, na akijipinda unakuchana. Mjukuu wa mzee alinionyesha: unamkaba nyuma ya kichwa, kidole gumba upande mmoja wa mwiba na kidole cha pili upande mwingine, mapezi yakiwa yamebanwa mbele ya mkono. Kichwa chake ni mfupa mtupu, kigumu. Hana gamba hata moja, na tumbo lake ni jeupe kama maziwa. Alikaa ndani ya kapu muda mrefu akiendelea kupumua, kwa sababu ana kiungo cha kuvuta hewa ya kawaida juu ya matamvua yake. Ndiyo sababu asubuhi maji yakiwa shwari unamwona akichomoza pua, anavuta, anazama na kuacha kiduara.

Kapu linakaa ndani ya mtumbwi. Kumfunga samaki kwa kamba na kumwacha aning'inie ubavuni ni kuita mamba, na mamba wamo. Hatunawi mikono karibu na matete, hatukanyagi maji ya magotini kwa sababu ya kunasua chambo. Jaketi okozi tunavaa wote wawili tangu tunapokanyaga mtumbwi. Mzee mwanzoni aliona ni mambo ya watalii, siku hizi analiuliza yeye mwenyewe: "Mmevaa?"

Septemba

Upepo. Kupima kumeendelea kidogo, kuvua karibu hakuna. Saa tatu asubuhi mawimbi yanaanza kuchapa ubavu, saa nne tuko nchi kavu.

Oktoba: maji yanashuka

Ufukwe umesogea. Mwalo ule ule, lakini mtumbwi sasa unaburutwa kwenye tope kabla haujaelea. Kina cha bwawa kinakwenda na mvua za mlimani na matumizi ya chini: mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls inaitegemea Pangani, na bwawa hili ndilo ghala lake. Kiangazi kinapokaza, yanayotoka yanazidi yanayoingia, na kila wiki ukanda mpya wa ardhi unatokeza, umepasuka, una maganda ya konokono.

Kwa mvuvi wa bwawa hili ndilo somo kuu, na hapa wavuvi wa bass na wazee wa mwaloni wanasema kitu kimoja bila kuwahi kukutana. Maji yakipanda samaki anaingia kwenye majani mapya, kwenye kina kifupi, kwa sababu kuna chakula kipya. Maji yakishuka anarudi nyuma hadi ukingo wa kwanza wenye kina, anakaa pale. Basi kabla ya kuuliza chambo gani, uliza maji yanakwenda wapi. Nimekita fito mwaloni yenye alama za kisu, na namba ya kila siku inaandikwa juu ya ukurasa kabla ya kitu kingine chochote.

Ramani imejithibitisha mwezi huu. Visiki nilivyokuwa nimevichora kwa kupapasa na kamba vimeanza kutokeza vichwa, na vipo pale nilipoviweka, isipokuwa kundi moja ambalo nimelisogeza kaskazini. Mnandi wamevikalia, mabawa wameyatandaza.

Perege wako pale ukingo unapoanza, kwenye mita mbili hadi tatu, kati ya visiki na mkondo. Kwao nimeachana kabisa na mbinu za Marekani. Perege ni mlaji wa mwani na taka laini za chini, hakimbizi kitu. Ninatumia ndoano ndogo sana, uzi mwembamba, boya la kipande cha kandambili, na chambo cha ugali mgumu uliokandwa pamoja na machicha ya mbege ninayobeba kutoka nyumbani. Machicha yenyewe natupa kidogo kidogo pembeni ya kisiki, maji yanachafuka, harufu inatembea, na baada ya muda boya linaanza kutetemeka. Perege akinasa anajigeuza ubavu na kuzunguka, na kwa ukubwa wake anavuta kuliko unavyodhani. Kwa ladha, kwangu hakuna samaki anayemfikia, amekaushwa mafuta au amepikwa kwa nazi.

Oktoba, mwishoni: mayai

Jirani yetu wa mtumbwi wa pili alikuwa anapandisha wavu wake, nasi tumesimama karibu. Perege mmoja alipoanguka ndani ya mtumbwi akafungua kinywa, akamwaga mayai. Yalikuwa kama punje za mtama, ya manjano iliyokoza, yamebandikana kwenye mbao. Jirani aliyakusanya kwa kiganja, akayarudisha majini, akamrudisha na samaki mwenyewe. Hakusema neno, akaendelea na wavu.

Dume la perege wa namna hii linachimba kiota kama bakuli kwenye maji mafupi. Jike linataga humo, kisha linakusanya mayai yote kinywani na kuondoka nayo, na watoto wakishaanguliwa bado wanakimbilia kinywani pakitokea hatari. Kwa bass ni kinyume: jike linaondoka, dume linabaki kulinda kiota na kumfukuza kila anayekaribia. Kwa hiyo bass ukimtoa kwenye kiota, mayai yanaliwa saa hiyo hiyo. Perege ukimtoa mama, umetoa kizazi chote pamoja naye. Viota nilivyoviona kwenye ghuba ndogo nimevichora kwenye ramani kwa alama ya duara, na maana ya duara ni kwamba hapo hatutupi ndoano.

Novemba: pendekezo la kumleta bass

Rafiki yangu mmoja wa Arusha, mpenzi wa uvuvi kama mimi, amesoma daftari hili na kuniuliza: "Kaka, kwa nini tusimlete bass mwenyewe? Naivasha yupo, si mbali." Ni kweli, Naivasha yupo tangu 1929, alipelekwa na Waingereza kwa ajili ya michezo.

Nimemjibu na nataka jibu likae hapa pia. Hapana. Perege wa bonde hili si perege tu. Yupo perege wa Pangani na yupo perege wa Jipe, na hao asili yao ni maji haya, mto huu na ziwa lile. Tayari wamebanwa na kokoro, na nyavu za matundu madogo, na perege wageni walioletwa kutoka maji mengine. Bass anakula samaki wadogo mchana kutwa. Naivasha kulikuwa na kisamaki cha asili ambacho leo hakipo, na bass ni mmoja wa wanaotajwa kuwa chanzo. Japani wenyewe, pamoja na mapenzi yote waliyonayo kwa samaki huyu, tangu mwaka 2005 wana sheria inayokataza kumsafirisha akiwa hai. Tukimtia humu hatutamtoa kamwe, na atakayelipa ni mwenye mtumbwi anayesomesha watoto kwa perege. Rafiki yangu ameelewa. Mbinu ya kusoma bonde tuichukue yote, samaki wao abaki kwao.

Novemba, mwishoni: mahali tulipofika

Mvua za vuli zimeanza mlimani, na fito ya mwaloni inaonyesha maji yamesimama, hayashuki tena. Kambale wataanza kufuata majani yatakayofunikwa ili watage, kwa hiyo kuvua kambale kumesimama hadi bwawa lipande na kutulia.

Ramani ya kipande cha kwanza imekamilika kwenye karatasi moja kubwa. Ina mkondo wa mto na kona yake, visiki, ghuba ya viota, na kina kwa mita kikisomwa kutoka alama ya juu ya fito. Nakala moja nimempa mzee. Aliitandaza juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaweka jiwe kila pembe, akanikosoa sehemu mbili kuhusu mashina ya mikoche yaliyoko mashariki ya kona ambayo kamba yangu haikuyagusa. Nitakwenda kuyatafuta. Yeye anaitaka ramani kwa sababu za wavu: wavu unaokwama kwenye kisiki unapasuka, na uzi wa kushonea umepanda bei.

Kipande cha pili kinaelekea upande wa Simanjiro, ambako maji ni mapana zaidi na kasia peke yake haitoshi. Ninazungumza na mwenye boti ya injini ndogo kuhusu bei ya kukodi. Kamba mpya ya mita ishirini imeshalowekwa na kupigwa mafundo, na sabuni ya mche ipo ya kutosha.